Moshi Uliosawazishwa Mara Mbili

"Umechomoa, halafu unaniuliza nini kinaniliza?"

"Dada, nimechomoa waya. Sijachomoa roho ya mtu."

"Heri ungechomoa roho!"

Foleni nzima ya fotokopi iligeuka. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na steshenari ya Oliva, nyuma ya Soko Kuu la Songea, ilijaa watu kama kanisa siku ya Pasaka. Nje jenereta lilikuwa likinguruma. Ndani, ekstensheni moja ililisha printa, simu na kompyuta za nusu ya mji. Ilikuwa Juni, baridi ya milima ya Matogoro imeshuka, kila mtu na sweta lake.

Asumpta alikuwa amevaa sweta la kijivu na sketi ya kitenge, kilemba kimemlegea kwa hasira. Alifundisha chuo cha ufundi na alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam, kwa mbali. Kompyuta yake betri ilishakufa zamani, ikawa inaishi kwa waya kama mgonjwa wa mtungi wa oksijeni. Aliiacha chini ya meza ya Oliva kwa sababu Oliva alikuwa na jenereta, na betri ya kushikilia umeme mpaka jenereta liwake. Ilikuwa imefanya hesabu juma zima bila kupumzika. Sasa ilikuwa imezimika, na aliyeizima alisimama mbele yake na chaja ya simu mkononi: mwanaume mrefu, mweusi, koti la kazini la bluu lenye mistari inayong'aa, viatu vya buti safi mno kwa vumbi la Songea.

"Skrini ilikuwa nyeusi," alisema. "Nilidhani imelala."

"Imelala! Kwenu mtu akilala mnamzika?"

Foleni ikacheka. Mwanaume naye akataka kucheka, akajizuia.

"Ungeuliza," Asumpta alisema. "Neno moja tu. 'Jamani, hii ni ya nani?' Lingekupunguzia nini?"

"Lisingenipunguzia kitu. Samahani sana." Alichutama, akachomeka waya aliouchomoa, akaangalia skrini ikiamka. "Ila na wewe, dada, kazi ya juma zima hukuihifadhi katikati?"

Hakuihifadhi. Alikuwa ameizuia kompyuta isihifadhi ili iende haraka. Ukweli wa namna hiyo ndio unaouma zaidi.

"Usinifundishe kazi yangu."

"Kazi gani?"

"Moto."

"Unapika?"

"Nahesabu moto! Moto ulio ndani ya turbaini ya gesi, ile mitambo ya kufua umeme. Ukiwaka hivi, moshi wake unatoka na sumu kiasi gani. Haya, umeridhika?"

Mwanaume alisimama polepole. "Noksi?"

Asumpta akaacha kuiangalia kompyuta, akamwangalia yeye. Oksidi za nitrojeni ndilo jina la kwenye vitabu. Noksi ni jina la watu wanaoshughulika nazo, na katika Songea yote alidhani anayelijua ni yeye peke yake.

"Umelijulia wapi neno hilo?"

"Ndilo linalonilisha. Nafanya kazi kituo cha gesi, pwani. Wewe unahesabu moshi, mimi napanda dohani kuupima." Akanyoosha mkono. "Kassian. Mtu wa Namtumbo, niko likizo. Nimekulia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku kwa moshi, kwa hiyo pua yangu ilianza kazi kabla yangu."

Asumpta aliuangalia ule mkono. Akaupokea, kwa sababu foleni ilikuwa inasubiri.

"Mkishamaliza kuoana," alisema Oliva kutoka kwenye printa, "mniondolee msongamano."

Kesho yake Kassian alirudi na kipande cha boksi alichokikata vizuri, kimeandikwa kwa kalamu nene: USICHOMOE. ULIZA KWANZA. Alikifunga kwa uzi kwenye waya wa Asumpta. Kisha akanunua chai na maandazi ya watu watatu, wa tatu akiwa Oliva, maana alishaona nani mwenye mlango wa kupitia.

*

Likizo ilipoisha alirudi pwani, mapenzi yakahamia kwenye simu.

"Mnusa Moshi, umeamkaje?"

"Nimeamka nanuka, Injinia wangu. Wewe?"

"Nimeamka na moto."

"Moto wa nani?"

"Wa kwenye kompyuta, mpuuzi wee."

"Ah. Nilishavaa viatu nije."

Walikuwa watu wazima, hawakuwa na muda wa kuzungushana. Kassian aliomba ruhusa kwa meneja wake, akawa anamtumia Asumpta vipimo vya moshi wa mtambo, ili alinganishe na hesabu zake. Hiyo ndiyo kazi ya modeli: unajenga moto ndani ya kompyuta, unauuliza utatoa noksi kiasi gani, halafu unauweka kando ya moto wa kweli. Vikifanana, unapumua. Visipofanana, mmoja wenu amekosea.

Desemba Kassian alikuja na gunia dogo la korosho, shati la bluu la mikono mirefu limepigwa pasi mpaka linakata. Walikwenda Mshangano, kwa mama yake Asumpta. Bi Brigita alikuwa mjane, mfuga ng'ombe wa maziwa, mwanamke asiyepaka maneno asali. Walimkuta anapepeta mahindi uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemzimia mwanangu kompyuta?"

"Ndiye mimi, mama."

"Na bado ukapata miguu ya kuja?"

"Nimekuja kuiwasha, mama."

Bi Brigita aliinamia ungo wake ili asionekane anacheka.

Wakati wa chakula alitaka kujua hiyo kazi wanayoifanya inamsaidia nani. Asumpta akamweleza kwa lugha ya nyumbani. Moshi wa mtambo hutoka umechanganyika na hewa. Mwenye kiwanda mjanja anaweza kupuliza hewa zaidi kwenye dohani, moshi ukaonekana mwepesi, kumbe sumu ni ile ile. Ndiyo maana kila anayepima noksi hupima na oksijeni iliyomo, kisha namba zote huletwa kwenye usawa mmoja, oksijeni asilimia kumi na tano, ndipo zilinganishwe. Hilo ndilo wanaloliita kusawazisha.

"Kwa hiyo huko nako wanatia maji, kama kwenye maziwa," alisema Bi Brigita.

"Hewa, mama."

"Ni yale yale."

Kassian alicheka mpaka akapaliwa na mboga. Alipoondoka jioni hiyo, Bi Brigita alimwambia binti yake, "Huyu mwambie alete watu." Kwake hilo lilikuwa sawa na hotuba ndefu. Ikapangwa kwamba Februari, Jumamosi moja, mshenga atatoka Namtumbo.

*

Januari namba hazikufanana.

Asumpta alipokea vipimo vipya, akavisawazisha kama ilivyo kawaida, akaviweka kwenye chati pamoja na mstari wa modeli yake. Mtambo ulipobeba mzigo mkubwa, yaani ulipofua umeme mwingi, vidoti vya Kassian vilikuwa chini ya mstari, na si kidogo. Moshi ulikuwa msafi kuliko moto wenyewe unavyoweza kuruhusu. Akakagua modeli. Akaiendesha upya na upya. Mstari haukusogea.

Angempigia Kassian simu, angepata jibu kabla chai haijapoa. Lakini msimamizi wake, Dokta Edmund, alishamwambia siku za nyuma, kwa sauti ya mtu anayetania: "Asumpta, namba zinazotoka viwandani huwa zimepikwa. Na nasikia mpishi wako ni mtu wako. Angalia usile ukiwa umefumba macho."

Maneno hayo yalimkaa kama mwiba wa samaki. Alikuwa mwanamke pekee katika kundi lake. Alijua wenzake wakigundua mapema kuliko yeye, watasema mapenzi yalimpofusha. Basi akaamua kuwatangulia. Aliandika ripoti kwamba vipimo vya mzigo mkubwa haviaminiki na kwamba inaelekea vimepunguzwa. Akaituma kwa Dokta Edmund, Dokta Edmund akaipeleka kituoni, na huko hawakusubiri. Kassian, aliyekuwa akipanda juu kuliko wote kwenye dohani, alishushwa stoo ya vipuri kuhesabu nati.

Simu ililia Asumpta akiwa anatoka darasani.

"Asumpta. Umeandika nini kwa Dokta Edmund?"

"Nimeandika nilichokiona."

"Umeona nini?"

"Mtambo ukibeba mzigo mkubwa, namba zenu ziko chini ya inavyowezekana. Moto haudanganyi, Kassian."

"Kwa hiyo mimi ndiye nadanganya."

Asumpta alihamishia simu sikio la pili.

"Asumpta, mimi nimening'inia na kamba juu ya dohani lile mvua ikinyesha, ili nikuletee namba safi. Uliniuliza?"

"Ningekuuliza, ungesema nini?"

"Hatutajua tena," Kassian alisema, na simu ikakatika.

Nyumbani Asumpta alimwambia mama yake maneno machache tu: mtu huyo si mkweli. Bi Brigita hakuuliza zaidi. Jumamosi ya mshenga ilipofika, mvua ilikuwa inapiga mabati. Mwalimu Emanuel, baba mdogo wa Kassian, mwalimu mstaafu ambaye hakuna aliyemwambia kuna ugomvi, alifika mlangoni na koti la suti lililolowa mabegani na kofia ya pama mkononi.

"Mwalimu," alisema Bi Brigita, amesimama katikati ya mlango, "umejichosha bure. Rudi na salamu zako."

"Mama, hata sijakaa."

"Ndiyo maana nimekuwahi."

Alifunga mlango. Hata kikombe cha chai hakumpa. Mtu mzima, mgeni, mvua inanyesha. Mshangano yote ilijua kabla ya jua la Jumapili, na Namtumbo ilijua baada ya hapo.

*

Wiki zilipita. Asumpta alikonda, akafanya kazi, akapiga namba ya Kassian siku mbili tatu bila kupokelewa, kisha akaacha. Mwezi Machi ilipangwa awasilishe matokeo yake kwa njia ya mtandao mbele ya Dokta Edmund na uongozi wa kituo. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa kwa Oliva, kwa sababu ya intaneti, amevaa gauni jeusi na koti la rangi ya maziwa, nywele zimesukwa upya. Kwa nje alikuwa mtu wa kupandishwa cheo.

Oliva alikuwa anamchapia chati kwa karatasi kubwa. Akaishika juu kama mtu anayekagua noti.

"Hivi vidoti vya huku pembeni mbona umevififisha?"

"Ni vya mzigo mdogo. Havihusiki. Sheria inaangalia mzigo mkubwa."

"Mbona viko juu ya mstari?"

"Vimetawanyika tu, Oliva. Chapa."

"Nachapa. Ila nauliza. Kassian si anapunguza namba ili mtambo wao uonekane msafi? Sasa huku ameziongeza. Mwizi gani huyo anayejiibia mwenyewe?"

Asumpta alisogea kwenye printa. Akaivuta karatasi.

Kwenye mzigo mkubwa, ambako oksijeni ya moshi ni kidogo, vidoti vilikuwa chini. Kwenye mzigo mdogo, ambako ni nyingi, vilikuwa juu. Katikati, pale oksijeni ya moshi ilipokuwa karibu na asilimia kumi na tano, vilikaa kwenye mstari barabara. Mwongo huteleza mahali. Leo anapunguza sana, kesho anasahau. Hivi havikuteleza hata mara moja. Vilikengeuka kwa utaratibu, vikifuata oksijeni kama mbwa anavyomfuata bwana wake.

Kusawazisha hufanya hivyo hasa. Oksijeni ikiwa pungufu ya kiwango, namba hushushwa. Ikizidi kiwango, hupandishwa. Ukisawazisha namba ambayo tayari imesawazishwa, unaishusha mara mbili au kuipandisha mara mbili.

"Oliva," alisema, "nishikie mkoba."

"Unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Nishikie tu."

Aliiondoa hatua yake ya kusawazisha, akaichora chati upya. Vidoti vyote, vya juu na vya chini, vilirudi kwenye mstari kama ng'ombe wanaorudi zizini. Akampigia Abdul, aliyekuwa akipanda dohani pamoja na Kassian.

"Abdul, samahani, ni Asumpta."

"Naam, shemeji." Kisha, kwa baridi, "Dada."

"Kipima moshi chenu kinatoa namba ghafi, au zilizosawazishwa?"

"Zilizosawazishwa. Mwaka jana mwishoni walituletea mashine mpya, inasawazisha yenyewe ndani kwa ndani. Ile ya zamani ndiyo ilikuwa inatoa ghafi. Kwani hukujua?"

"Sikuuliza."

"Lahaula," Abdul akasema taratibu.

Oliva alikuwa amesikia yote. Hakuwa mtu wa kuvizia, ila duka lake lilikuwa dogo.

"Si tayari umeipata chati nzuri?" alisema. "Weka hiyo. Sema umeboresha hesabu. Nani atajua?"

"Kassian."

"Kassian hayumo kwenye mkutano."

"Ndiyo maana," alisema Asumpta, akavaa vifaa vya masikioni.

Mkutano ulifunguliwa. Dokta Edmund alikuwa na tai nyekundu. Upande wa kituo alikuwapo meneja mwenyewe, mwanamke wa makamo aitwaye Tumsifu, miwani imemshuka puani. Asumpta hakusubiri kukaribishwa vizuri.

"Kabla sijaanza, ripoti yangu ya Januari ina kosa. Namba za kituo zilikuwa zimesawazishwa tayari. Mimi nikazisawazisha tena. Hakuna aliyezipika. Modeli yangu na vipimo vya Kassian vinakubaliana, na vimekubaliana tangu mwanzo."

Dokta Edmund alikohoa. "Asumpta, hili tungelizungumza sisi wawili kwanza."

"Nilimshtaki mtu mbele ya watu, Dokta. Siwezi kumsafisha chumbani."

Meneja Tumsifu alivua miwani. "Nielewe vizuri. Fundi wangu alikuwa sahihi."

"Ndiyo, mama."

"Nami nikamshusha stoo kwa karatasi yako."

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini hukupiga simu moja, binti?"

"Niliogopa kuonekana nampendelea."

"Ukaona afadhali umwonee." Alirudisha miwani. "Fundi atarudi kwenye dohani lake akimaliza likizo. Yuko kwao sasa. Na mimi nilipaswa kuuliza pia, kwa hiyo sikutupii mawe yote. Tuonyeshe hiyo chati."

Chati ilipendwa. Dokta Edmund hakuipenda aibu iliyokuja nayo. Alisema kazi yote ipitiwe upya tangu ukurasa wa kwanza, na mahafali ya mwaka huu Asumpta ayasahau. Asumpta alisema sawa. Alipozima kompyuta alipiga namba ya Kassian. Haikupatikana. Huko Namtumbo, kwenye mabani, mtu anayelinda moto wa tumbaku hakai na simu.

*

Bi Brigita alikuwa anasafisha ndoo za maziwa. Alisikiliza habari yote bila kukatisha, jambo ambalo lenyewe lilitisha.

"Kwa hiyo hakudanganya," alisema.

"Hakudanganya."

"Ulipima maziwa yaliyokwisha pimwa, ukamwita muuzaji mwizi."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikamfungia mlango baba yake mdogo. Kwenye mvua ile!" Aliitupa brashi kwenye ndoo. "Wewe ulisema 'si mkweli', na mimi sikuuliza 'kwa lipi'. Tumerithishana."

"Mama, kwao kuna desturi. Kassian aliwahi kunisimulia. Mshenga aliyerudishwa mlangoni harudi tena kwenye mlango ule mpaka wenye mlango wamfuate."

"Basi unalia nini? Wenye mlango si sisi?" Alikuwa ameshaingia ndani. Sauti yake ilitoka chumbani. "Chemsha maji! Tia tangawizi!"

"Leo?"

"Unataka tungoje aoe mwingine ndio tukamwombe radhi mkewe?"

Alitoka amevaa kitenge chake cha sikukuu, cha kijani, na kilemba kimesimama kama jogoo. Walijaza chai kwenye chupa, wakafunga vikombe kwenye kanga, wakamwachia jirani ng'ombe. Kwaheri ilikuwa haijapoa mdomoni mwa jirani, wao wako barabara kuu wanasimamisha gari la Namtumbo.

Bani la mzee Longino, baba yake Kassian, lilikuwa nyuma ya nyumba, jengo refu la miti na udongo, moshi unapenya kwenye paa la nyasi kama jasho. Mzee Longino alikuwa amekaa kwenye kigogo. Mwalimu Emanuel alikuwa kando yake, bila koti leo, ila kofia ya pama kichwani. Kassian alikuwa anachochea kuni mlangoni, kifua kimepakwa majivu, suruali imekunjwa. Alipowaona alisimama na kijinga cha moto mkononi.

"Shikamooni wazee," alisema Asumpta. Alipiga goti kwenye tope na koti lake la rangi ya maziwa.

"Marahaba," alisema mzee Longino. Mwalimu Emanuel aligeukia moto.

Bi Brigita aliweka chupa chini. "Mimi sijui kuzunguka. Mwanangu alimsingizia mwanenu, na leo ameyasema hayo mbele ya mabosi wao wote. Hilo ni lao wawili, wakaseme kule. Langu ni la mwalimu, na nitalisema nikiona watoto wameelewana. Kama hawakuelewana, nitanyamaza na kunywa chai yangu."

Mzee Longino alimtazama mwanawe. "Nenda. Moto nitauangalia."

Walisimama upande wa pili wa bani, ambako moshi ulikuwa unawafuata kila waliposogea.

"Nimesikia," alisema Kassian. "Abdul alimpigia baba simu mchana. Alikuwa anapiga kelele kama mtangazaji wa mpira."

"Amekwambia nini?"

"Kwamba ulisawazisha mara mbili." Alikuwa anauchezea ule uchafu mweusi wa tumbaku vidoleni. "Nilidhani unajua. Mashine ilipobadilishwa nilisema, nitamwambia siku moja. Siku yenyewe sikuikumbuka. Hilo ni langu."

"Usinipunguzie, Kassian."

"Sikupunguzii. Nimeacha kupunguza namba."

Asumpta alitaka kucheka, machozi yakawahi. Alijifuta kwa mkono wa koti. Likachafuka.

"Nilikaa stoo nahesabu nati," alisema Kassian. "Stoo haikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba siku ya kwanza kabisa ulinitukana mbele ya watu kwa sababu sikuuliza. Nikakutengenezea kibao. Kumbe kibao kilikuwa changu peke yangu."

"Kibao bado kiko kwenye waya. Nakiona kila siku." Alivuta pumzi, moshi ukamkaba, akakohoa. "Sasa nauliza. Hapa hapa, kabla sijachomoa kitu. Naweza?"

"Uliza."

"Bado unataka mwalimu apige hodi kwetu?"

Kassian aliangalia bani, akaangalia lile koti lililoharibika.

"Ndiyo," alisema. "Ila siku moshi wangu ukikutia shaka, unipigie kabla ya kuandika."

"Nitakupigia hata ukiwa juu ya dohani."

"Juu kule sipokei, laazizi. Nitaanguka."

Walirudi mbele. Bi Brigita hakuhitaji kuambiwa. Aliinuka, akajikung'uta kitenge, akamsogelea Mwalimu Emanuel.

"Mwalimu. Nilikufungia mlango bila kukuuliza umebeba nini. Nilikosa. Nimekuja kukufuata, kama desturi yenu inavyotaka."

Mwalimu Emanuel alikunja mikono. "Mama, mlango wako uko Mshangano. Leo gari nzuri sitapata, na moto huu una zamu yangu. Labda wiki ijayo."

"Wiki ijayo mimi nina ng'ombe anazaa. Mwalimu, mbao zile zimegongwa na seremala tu. Mlango ni mimi." Alisimama wima mbele yake, miguu sambamba, mikono ubavuni. "Piga hodi."

Mzee Longino aliacha kuchochea. Kassian alimshika Asumpta mkono, majivu na yote. Mwalimu Emanuel aliivua kofia yake ya pama, akaikung'uta, akaivaa tena sawasawa.

"Hodi hapa," alisema.

"Karibu," alijibu Bi Brigita, akapisha hatua moja pembeni, na akammiminia chai.